Kiraka

Daktari Riziki kalichora jicho langu
nyuma ya bahasha ya dawa, kwa wino mwekundu
(hakuwa na kalamu nyingine).
Duara. Ndani ya duara, utando.
Juu ya utando, mahali pamekunjamana
kama nguo iliyoshonwa na mtu mwenye hasira.

"Hili ni kovu," kasema.
Nikamwambia kovu nalijua.
Kovu hukaa gotini, hukaa kwenye kidole kilichoungua kwa chungu,
unaligusa, unalisimulia.
Nani kaona kovu ndani ya kuona?

Akacheka kidogo, kisha akaacha.
Huko nyuma ya jicho, kasema,
wapo wanaoona na wapo wanaowashika wanaoona.
Hawa wa pili ni gundi tu:
husimamisha, hulisha, hufagia taka,
arusini hawatajwi.
Siku utando ulipochanika
walikuja mbio, kila mmoja na uzi wake,
wakashona usiku, wakashona mchana,
wakashona hata pasipochanika.

Hapo nikaelewa.
Miaka ishirini na sita nashona kofia, hapa Mtambwe,
kofia za viua, tundu kwa tundu,
na la kwanza alilonifunza mama ni hili:
uzi ukikazwa mno, kitambaa hukunjamana;
kiraka kikubwa huvuta nguo nzima.
Mwanafunzi mwoga ndiye anayekaza.

Kumbe mwili wangu ni mwanafunzi mwoga.

Kwa jicho la kushoto, sasa,
fremu ya mlango imepinda kiunoni,
karafuu jamvini ni weusi unaochemka,
na uso wa mume wangu una shimo penye pua.
(Mwenyewe anasema hajapungukiwa na kitu.)

Nyumbani, kaka yangu Faki amelala karibu na dirisha.
Tawi lilimwacha ule mwaka wa mavuno makubwa,
mwaka waliopanda mikarafuu hata walimu.
Miguu yake ipo. Naikanda kwa mafuta ya nazi kila Alkhamisi:
ina joto, ina malaika,
ina kovu la baiskeli la utotoni.
Habari tu ndiyo haifiki.

Nikamwonyesha bahasha.
Lako na langu, nikamwambia, fundi ni mmoja.
Mgongoni nako walikuja mbio,
wakapazunguka palipovunjika,
wakafunga mlango ili moto usienee,
na hawakuufungua tena.
Neva inashuka kutoka juu, inabisha hodi,
inabisha,
inachoka, inajikunja kizingitini.

Faki akaitazama michoro kwa muda.
"Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta," akasema.
"Sisi ufa tumezibiwa, na ukuta tumejengewa."
Tukacheka mpaka chai ikamwagika.
Kisha, taratibu, bila kunitazama:
"Lakini usiwatukane.
Usiku ule nani mwingine alikuja?"

Sikumjibu. Sijamjibu hadi leo.

Jana nimeharibu kofia ya bwana arusi wa Gando.
Vidole ndivyo vinavyohesabu siku hizi, na vidole navyo hupitiwa:
nimekuta kiua kimoja nimekiziba kabisa,
kwa uzi mzuri, kwa mkono mzuri,
pale palipotakiwa kubaki wazi.
Nikachukua wembe. Nikafumua,
uzi mmoja, nikapumzisha jicho, uzi wa pili,
mpaka mwanga wa kibatari ukapita.

Nilimuuliza daktari: wembe wa hivyo, kwetu, upo?
La jicho, kasema, hubanduliwa, ng'ambo ya bahari, Dar es Salaam,
kwa kibano chembamba kuliko sindano yako;
na pengine hurudi.
La mgongo, bado wanautafuta.
Hakusema ni nani. Hakusema lini.

Bahasha nimeiweka ndani ya kasha la nyuzi.
Dawa zake zilishakwisha.